Hewa Ndani ya Shokapu

Jumapili, 9 Februari

Shemeji Kinyozi,

Salamu kwanza, shokapu baadaye, ingawa najua ukifungua boksi hili mkono utakwenda kwenye shokapu kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Zimo nne, kila moja na kitambaa chake. Zenye uzi mwekundu ni za mbele, zenye uzi mweupe ni za nyuma. Mafuta ya mbele nimeyafanya mazito kidogo, kwa sababu ulilalamika kwamba gari lako la rimoti likiingia kona ya mwisho linainamisha pua kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Nimezifunga na kuzifungua mara tatu. Usiniulize kwa nini. Hata kazini wiki hii niko hivyo hivyo. Napanda juu ya lifti ya jengo la bima, nakaza nati, nashuka, nafika chini najiuliza kama kweli nimekaza, napanda tena. Msimamizi ameniuliza kama nimehamia humo. Nyumbani nikikaa kitini, kiti kinanikataa. Naenda dirishani, narudi mezani, nachukua bisibisi, naiweka. Labda ni joto.

Simu yangu imekufa kioo, ndiyo maana nakuandikia karatasi na kuipeleka na boksi kwenye ofisi ya vifurushi ya basi. Na afadhali. Mambo ya shokapu ukiyasema kwenye simu yanapotea.

Dada yako anakusalimu sana. Yuko jikoni, mikono ina unga, la sivyo angeongeza mstari wake hapa.

Nasikia klabuni kwenu bado wanakuuliza siri ya shokapu zangu. Waambie fundi wako ni mtu wa lifti, kazi yake ni kuhakikisha vitu vinashuka taratibu.

Wasalimie wateja wako, wenye nywele na wasio nazo.

Shemeji yako,
Fundi Lifti


Jumapili, 16 Februari

Shemeji Lifti,

Boksi lilifika Jumanne. Nimekaa nalo siku tano nikitafuta namna ya kukwambia, nikaona bora niseme kama ninavyomwambia mteja mwenye upara: moja kwa moja, lakini kwa upole.

Shemeji, kuna hewa. Nilichukua ile ya nyuma kulia, nikaibonyeza karibu na sikio kama ulivyonifundisha, ikatoa sauti ya mtu anayefyonza chai ya moto. Ya mbele kushoto imetoka jasho la mafuta mpaka kitambaa kimelowa. Miaka miwili unanifungia shokapu na sijawahi kusikia sauti ile. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba ndani ya kile kikopo pistoni inatakiwa ikutane na mafuta tu, ikikuta hewa inaanguka bure na gari linaanza kurukaruka. Basi lilirukaruka. Jumamosi nimekuwa wa saba kati ya tisa, na wawili walionifuata betri zao zilikufa.

Yule mwalimu wa hesabu, anayesimama kona ya mwisho kuokota magari yaliyopinduka, aliniinulia langu mara nne. Mara ya nne akaniuliza, "Fundi wako anaumwa?" Nikamwambia hapana, ana kazi nyingi. Nimejibu vizuri?

Mwambie dada salamu zake zimefika. Zimefika vizuri kabisa, mwambie hivyo.

Shemeji yako,
Kinyozi


Jumapili, 23 Februari

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Siku hizi nasoma nikiwa nimesimama.

Umenigusa pabaya hapo kwenye hewa. Nimetafuta sababu na nimeipata: chupa ya mafuta niliitikisa kabla ya kumimina, kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nakutumia mbili za kuziba pengo, zenye oringi mpya, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, nimezipaka grisi kwa kidole changu mwenyewe.

Dada yako hajambo, ila mafua yamembana mpaka sauti imekauka. Hata simu ingekuwa nzima usingemsikia. Ameanza kushona mapazia ya sebuleni, ya kijani. Nilimwambia kijani kitatufanya tuonekane wagonjwa, akasema wagonjwa tuko tayari. Unamjua.

Jana mchana nilipanda ngazi za jengo la bima zote, ghorofa kumi na moja. Mlinzi akaniuliza, "Fundi, lifti imeharibika?" Nikamwambia ni nzima, nimeitengeneza asubuhi. Akanitazama. Miguu ilikuwa inawasha tu.

Na huko kwenu je, kuna habari gani? Mgeni yeyote? Wewe mambo ya familia huniambii mpaka yapoe.

Shemeji yako,
Fundi Lifti


Jumapili, 2 Machi

Shemeji Lifti,

Umeuliza habari za huku. Habari ni vichwa na nywele. Mgeni hakuna.

Mpe pole dada kwa mafua, mwambie anywe vitu vya moto na asishike maji baridi. Na mapazia ya kijani mimi nayaunga mkono.

Sasa shokapu. Hizi mbili ni afadhali, lakini hazifanani. Nimezibonyeza pamoja na kuziachia pamoja, moja inarudi juu mara moja, nyingine inakuja baadaye kama mume aliyeitwa mezani anasoma gazeti. Zamani zilikuwa zinarudi sawasawa, mtu ungedhani ni moja iliyo kwenye kioo.

Jumamosi ijayo ndiyo mashindano yetu makubwa ya mwaka. Naomba jozi ya nyuma, mafuta mazito kidogo. Na naomba nikuulize jambo, wewe ukiwa mkubwa kwangu. Uko sawa? Kama kuna kitu, kiandike. Kinyozi husikia mengi mchana na hufagia yote jioni.

Shemeji yako,
Kinyozi


Alhamisi, 6 Machi

Shemeji,

Hakuna kitu. Nimechoka tu, lifti za mji huu zimeamua kuzeeka pamoja.

Jozi ya nyuma hii hapa. Nimeifunga leo asubuhi kabla ya kwenda kazini, basi linaondoka saa mbili na mtu wa vifurushi ameshika muhuri wake ananisubiri nimalize kuandika. Ziko sawa. Nadhani ziko sawa. Zibonyeze kwanza.

Dada yako anasema ushinde.

Fundi Lifti


Jumapili, 9 Machi

Shemeji,

Leo sina utani.

Jana, mzunguko wa tisa, gari likiwa mwisho wa ule mnyoofu mrefu kwenye mwendo wake wote, shokapu ya nyuma kushoto iliachia. Kile kikombe cha plastiki cha chini, kinachoshika mkono wa gurudumu, kilichomoka kwenye fimbo. Gari likalala upande mmoja, likapiga ubao wa pembeni, likaruka. Mwalimu alikuwa kona ya mwisho, ameinama anaokota gari la mtu mwingine. Lilimpata kwenye muundi. Kilo moja na nusu si mzigo, lakini kwa mwendo ule ni jiwe. Ameshonwa nyuzi saba na mfupa una ufa. Hatasimama darasani kwa wiki kadhaa.

Rimoti nilikuwa nayo mimi. Na shokapu nilizipachika asubuhi ya mashindano bila kuzijaribu, kwa haraka ya kutaka kushinda. Sehemu yangu naijua.

Usitume nyingine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili. Si yangu, mwandiko utaujua. Nilikudanganya niliposema mgeni hakuna. Niliapishwa, na nikaapa. Niwie radhi. Keti kwanza ndipo uifungue.

Kinyozi


Jumapili, 9 Machi

Mume wangu,

Naandika nikiwa kwenye meza ya mdogo wangu. Niko hapa tangu tarehe 13 Januari, siku ileile niliyoondoka.

Salamu zangu zote ulizozituma nimezisoma. Nimesoma kwamba niko jikoni na mikono ina unga. Nimesoma kwamba nashona mapazia. Mafua yangu nilisomewa kwa sauti, mimi nikiwa mzima, namenya chungwa. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mdogo wangu akaogopa. Mara ya pili sikucheka.

Simu yako sikuipokea kwa sababu kwenye simu wewe hunyamaza na mimi hujaza. Nimechoka kujaza. Baadaye naona ukasingizia simu imevunjika, nikajua umeona aibu.

Kwanza nikwambie kosa langu, maana ndilo lililomuumiza mtu. Jozi ya nyuma ilifika Alhamisi jioni. Ijumaa mdogo wangu akiwa kazini, niliitoa kwenye boksi nikaikagua. Fimbo ilikuwa na alama za meno ya koleo. Uliishika bila kuizungushia ngozi. Kikombe cha ile ya kushoto kilikuwa kimeingia mizunguko minne tu. Mimi huzungusha kumi na moja, mpaka mwisho. Nilikigusa, kikacheza. Nikairudisha shokapu kwenye kitambaa chake nikafunga boksi.

Ningeweza kukikaza kwa dakika moja. Sikukaza. Nilitaka gari lisumbue mbele ya watu. Nilitaka klabu nzima ijiulize kwa nini mwaka jana zilikuwa nzuri na mwaka huu ni takataka. Sikufikiria mguu wa mtu. Jana nilikuwa nimeketi nyuma ya ukumbi na niliusikia ule mlio.

Wewe na mimi tunajua nani alikuwa anazifunga. Wewe ulikuwa unachagua springi na kuandika namba, na unajua kuchagua, sikunyimi. Mikono ilikuwa yangu. Mchana kutwa nachonga meno ya bandia, jioni nakufungia shokapu, na sikuona tabu, nilikuwa nafurahi. Novemba tulipokuja huku wakakupa cheti cha fundi bora, ulisimama ukakipokea. Nilikuwa safu ya pili. Sikukasirika pale. Nilisubiri tufike nyumbani uniambie neno. Ulikitundika ukaniuliza kama msumari umenyooka.

Lakini cheti hakikuniondoa. Kilichoniondoa ni lile swali. Miezi kumi na minne nilikuuliza kama tuhamie huku, maabara ya meno ya huku inanihitaji, wameniita mara mbili. Mara zote ulisema utafikiria. Mara ya sita ulikuwa unapima springi. Nikasema, "Basi mimi nakwenda." Ukasema, "Nenda tu," bila kuinua kichwa.

Nikaenda. Nadhani ulifikiri nakwenda dukani.

Mke wako, kwa sasa


Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu,

Nimeandika barua nne kabla ya hii. Zote zilikuwa zinaanza na sababu zangu. Nimezichana.

Ndiyo, nilifikiri unakwenda dukani. Nilikaa mpaka chai ikapoa nikisema huyu amekutana na watu njiani. Ndipo nikaona begi halipo na karatasi yako ya mstari mmoja, usinitafute mpaka nikuandikie. Niliisoma nikajiambia utarudi Jumapili. Jumapili ikapita.

Uongo wa salamu sikuuanza kwa aibu peke yake. Nilikuwa namtegea shemeji. Nilisema kama uko kwake, atashindwa kuvumilia, ataandika, "Acha mambo yako, dada yuko hapa." Akaniandikia salamu zimefika. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana kama hauko kwake, uko wapi? Nikawa naongeza maneno. Mapazia, mafua. Kadiri nilivyokuandika humo ndani ndivyo ilivyokuwa kama umekwenda chumba cha pili tu. Nilifika mahali nikatafuta kitambaa cha kijani kabatini.

Nilitaka kupiga simu maabara. Nikagundua sijui jina lake. Umenitajia mara sita, labda zaidi, na sijui.

Kuhusu mwalimu: koleo nilishika mimi. Nilikuwa na dakika ishirini na basi linaondoka. Wewe uliona ukanyamaza, na hilo ni lako, lakini aliyefunga vibaya ni mimi. Tangu nipate habari ile silali usiku wala sikai mchana. Natembea. Nimeusoma mji huu kwa miguu mpaka mbwa wa mtaa wa nyuma wameacha kunibwekea.

Nimejaribu kufunga moja tena, ya kwangu tu, si ya mashindano. Mikono inatetemeka. Mapovu hayaishi. Namimina mafuta, napandisha pistoni, nashusha, yanatoka mengine. Sijui ulikuwa unafanyaje.

Nije?

Mume wako


Jumapili, 23 Machi

Mume wangu,

Mikono yako haitetemeki. Haisubiri. Ukishamimina mafuta na kuishusha pistoni polepole, hakuna tena la kufanya. Iweke wima, uondoke mezani robo saa, mapovu yapande yenyewe. Nilikuwa naiweka dirishani naenda kufua. Wewe ulikuwa ukipita unanikuta sifanyi kitu unadhani nimemaliza.

Jana nilikwenda kwa mwalimu na mdogo wangu. Amejilaza kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya mito, anasahihisha mitihani. Mke wake alituonyesha viti akabaki amesimama mlangoni. Nilimweleza yote. Nilimwambia niliona kikombe kinacheza na nikafunga boksi.

Akaniuliza, "Ulijua kitachomoka?"

"Nilijua kinaweza."

"Kuna tofauti?"

"Kwangu nilikuwa naiona kubwa," nikasema. "Kwa mguu wako hakuna."

Akasahihisha karatasi mbili nzima. Mdogo wangu alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Kisha mwalimu akasema, "Na aliyeifunga yuko wapi?"

"Yuko mbali. Nitamwambia akuandikie."

"Barua sitaki. Watoto wameniandikia barua thelathini za pole, zote zinafanana. Mwambie aje nimwone uso."

Mke wake akatuletea maji ya kunywa. Sikujua kama ni msamaha au ni maji tu. Nikanywa.

Umeuliza kama uje. Njoo kwa mwalimu. La kwangu usiliulize kwanza. Na usije na shokapu.

Mke wako


Jumapili, 6 Aprili

Shemeji Lifti,

Umesahau koti. Nimelitundika kinyozini, tayari mteja mmoja amelijaribu.

Nimeona nikuandikie yale ambayo hukuyaona, maana ulikimbilia basi kama mtu aliyevunja dirisha. Klabuni hawajaacha kuzungumza. Wengi walidhani umepanda pale jukwaa la madereva kulalamikia kufukuzwa kwenye orodha ya mafundi, maana jina lako walilifuta baada ya ajali. Uliposema cheti si chako, kwamba kila shokapu waliyowahi kuisifia ilifungwa na yule mama aliyeketi pale nyuma, na kwamba ile iliyomuumiza mwalimu ndiyo ya kwako ya kweli, vichwa vyote viligeuka kumtafuta kwenye viti vya nyuma. Baada ya wewe kutoka, mwenyekiti akamfuata dada, akamwambia cheti kitaandikwa upya. Dada akasema, "Msijisumbue na karatasi. Nipeni zamu ya kuendesha."

Wamempa. Anaanza wiki ijayo na gari langu la zamani. Naomba usimwambie nilikwambia, lakini leo asubuhi ameligonga ubao mara kumi na mbili uani kwangu, na kila akiligonga anacheka peke yake.

Mwalimu naye amefurahi kwamba ulisimama kona yake siku nzima kuokota magari. Anasema ulikimbia kuliko magari yenyewe. Hakuniambia mlizungumza nini mle ndani, na mimi, ajabu ya kinyozi, sikuuliza.

Dada hakusema chochote kuhusu wewe. Alikula, akaosha vyombo, akafuta meza mara mbili. Meza ilikuwa safi.

Mimi pia nimejifunza jambo. Ukiapishwa na dada yako, muulize kwanza ni kiapo cha siku ngapi.

Shemeji yako,
Kinyozi


Alhamisi, 10 Aprili

Mke wangu,

Nimeambiwa nisiulize la kwako, kwa hiyo siulizi. Nakueleza tu yaliyotokea.

Mwalimu nilimkuta na mkongojo. Nilikuwa nimepanga hotuba ndani ya basi, saa sita nzima. Nilipofika mlangoni nikasema, "Mimi ndiye niliyefunga ile shokapu." Akasema, "Karibu." Akanionyesha kovu. Sikuangalia vizuri, akasema angalia. Nikaangalia. Akaniuliza kwa nini nilifunga kwa haraka vile. Nikamjibu kwamba nilikuwa nataka zifike kabla mtu hajajua kuwa mke wangu ameondoka. Akasema, "Zilifika." Basi. Alinipa fulana yake ya rangi ya machungwa, akanipeleka ukumbini, akanisimamisha kwenye kona.

Nilipokuwa pale kila dakika mbili gari linapinduka. Unakimbia, unaliinua, unaliweka kwenye magurudumu, unarudi. Nilikuona nyuma kwenye viti. Hukunipungia mkono na mimi sikupunga. Lakini nilisimama saa tano mahali pamoja na miguu haikuwasha.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia naacha kazi.

"Umepata nyingine?"

"Bado."

"Unakwenda wapi?"

Nikamtajia mji. Nikamtajia na jina la maabara, kana kwamba yeye ana haja nalo. Nimelisoma mlangoni Jumamosi nilipotoka stendi. Nilipita makusudi.

Akasema, "Fundi, kuhama ni jambo la kufikiria."

Nikamwambia nimefikiria miezi kumi na minne, sasa nataka kujibu. Hakuelewa, na hakuwa yeye wa kuelewa. Nimepewa notisi ya wiki tatu. Nitafikia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi, ile ya milango ya bluu, nitafute kazi. Lifti ziko kila mji, na nimeona hospitali kubwa ya kwenu ina nne na mbili zimebandikwa karatasi za kusema ni mbovu.

Sihami ili unirudishe. Nahama kwa sababu uliniuliza na jibu lilikuwa ndiyo tangu mwanzo. Nilikuwa naogopa kuanza upya mahali ambapo wewe ndiye unayejulikana.

Mume wako


Jumatatu, 21 Aprili

Mume wangu,

Barua yako nimekaa nayo siku nane. Sikuwa nakuadhibu. Nilikuwa nataka kujua kama nikiisoma siku ya nane itakuwa bado inasema kilekile. Inasema.

Nimehama kwa mdogo wangu. Nimepata chumba kimoja na jiko dogo, hatua chache kutoka maabara ninakofanya kazi sasa, na dirisha linaangalia ukuta wa karakana ya magodoro. Kelele zinaanza saa mbili asubuhi. Nimekipenda. Ni mara yangu ya kwanza kushika ufunguo ambao hauna nakala kwa mtu.

Jumamosi niliendesha. Nimekuwa wa mwisho, mbali sana na aliyenitangulia. Shokapu zilikuwa safi kabisa, dereva ndiye alikuwa na hewa. Mwalimu amerudi kona yake, mguu umefungwa bandeji, na kila nikipinduka ananiinua anasema, "Tena." Nikimaliza najikuta natembea huku na huku nje ya ukumbi, sijui niweke mikono wapi. Nilikuwa nakuona wewe hivyo nikadhani ni tabia mbaya tu. Kumbe mtu anaweza kuwa anataka kitu sana na hajui aanzie wapi.

Mambo mawili nayasema mapema. Shokapu zangu nafunga mwenyewe, na jina ni langu. Zako utafunga wewe, nami sitazigusa hata zikilia. Na nikikuuliza swali ukiwa na kitu mkononi, kiweke chini.

Jana nilimwendea mwenye nyumba. Nikamwambia kuanzia mwezi ujao chumba changu kitakuwa na watu wawili. Akafungua daftari lake, akauliza wa pili ni nani. Nikasema ni fundi wa lifti, mume wangu. Akauliza atakaa muda gani.

Nikamwambia hilo amwulize mwenyewe, akifika.

Mke wako